Moyo Hupimwa Ukiwa Kazini: Historia ya Eko ya Mkazo na Vali Zilizougua

Leo naweka kando msimbo na seva, nizungumzie moyo. Si ule moyo wa washairi, bali huu wa nyama unaopiga kifuani mwako wakati unasoma mistari hii. Kuna kipimo ambacho madaktari wa moyo hukitumia kuamua nani apasuliwe na nani aachwe kwanza, nami nimekuwa nikiisoma historia yake kwa wiki kadhaa sasa. Kila nikizidi kusoma naona kwamba hadithi hii ni ya mafundi na wahandisi sawa na ilivyo ya madaktari, na funzo lake kuu ni jambo ambalo sisi waunda programu tunalihubiri kila siku.

Jambo lenyewe ni hili: mfumo uliopumzika haukwambii ukweli wote. Seva yenye mtumiaji mmoja saa tisa za usiku hujibu chapuchapu. Ngoja matokeo ya mitihani yatangazwe, watu elfu mia mbili waingie kwa dakika tano, ndipo utajua kama ulijenga nyumba au ulichora nyumba. Ndiyo sababu kabla ya kuzindua mfumo wowote wa maana tunaufanyia jaribio la mzigo. Tunaubebesha kazi kwa makusudi, hatua kwa hatua, huku tukiangalia ni wapi utaanza kulemewa.

Madaktari nao wana jaribio lao la mzigo. Mgonjwa hutembezwa kwenye mashine, au huendeshwa baiskeli isiyoenda popote, au hupewa dawa ya kuuhimiza moyo, huku moyo wake ukitazamwa kwa mawimbi ya sauti. Mimi nitakiita kipimo hiki eko ya mkazo. Mkazo hapa si ule wa mawazo, ni mzigo wa kazi. Mimi si daktari, kwa hivyo haya ni historia, si ushauri wa matibabu.

Milango minne

Tuanze na mashine yenyewe. Moyo una vali nne, yaani milango minne ya nyama nyembamba inayofunguka upande mmoja tu. Kila mmoja hufunguka na kufungwa takriban mara laki moja kwa siku. Mtu mzima aliyetulia kitini, moyo wake husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika. Akipanda kilima mbio, moyo wa mtu mwenye afya unaweza kufikisha lita 20 na zaidi. Mlango ni ule ule, damu imekuwa mara nne.

Mlango huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubana: hauwezi tena kufunguka wote, damu inapita kwa shida. Ya pili ni kuvuja: haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka. Milango miwili ndiyo inayosumbua zaidi. Wa mitrali upo upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma. Wa aota ndio lango la kutokea, ambapo damu huanza safari ya kwenda mwili mzima.

Sasa fikiria mlango uliobana nusu. Mtu akilala kitandani, lita 5 zinapita vizuri tu. Daktari anapima na kusema ugonjwa si mkubwa. Lakini maisha hayaishiwi kitandani.

Mashine ya karakana ya meli

Kwa nini watu walihitaji kuziona vali hizi? Kwa sababu wapasuaji walikuwa wameanza kuzitibu. Mwaka 1925 Henry Souttar wa London alimfungulia msichana mmoja vali ya mitrali iliyobana, akitumia kidole chake. Msichana akapona, lakini Souttar hakuletewa tena mgonjwa wa namna hiyo, kwa maana madaktari wenzake waliona ni hatari mno. Ikabidi dunia ingoje hadi Juni 1948, ambapo Charles Bailey huko Philadelphia na Dwight Harken huko Boston walifaulu ndani ya wiki moja.

Basi likazuka swali gumu. Vali iliyobana hufunguliwa. Vali inayovuja ukiifungua zaidi unamwongezea mgonjwa maradhi. Utajuaje ni ipi kabla ya kushika kisu?

Hapo ndipo tunaingia mji wa Lund, Uswidi. Daktari Inge Edler alikuwa akiwachunguza wagonjwa wa namna hiyo kabla ya upasuaji, na kichwani alikuwa na wazo la rada. Alimwendea mwanafizikia kijana, Carl Hellmuth Hertz, ambaye babake, Gustav Hertz, alikuwa mshindi wa Nobel. Hertz alijua kwamba rada haingefaa ndani ya mwili, lakini mawimbi ya sauti yasiyosikika yangeweza. Akaenda Malmö, kwenye karakana ya kuunda meli ya Kockums, ambako kulikuwa na chombo cha kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Unakiweka juu ya chuma, kinatuma sauti, sauti inarudi, na ukiona mwangwi mahali pasipostahili unajua kuna ufa.

Walijaribu chombo cha namna hiyo kwenye kifua cha mtu. Kisha kampuni ya Siemens ikawaazima chao, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakarekodi mwangwi wa moyo unaotembea. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa eko. Mwanzoni walidhani mstari mmoja uliokuwa ukirukaruka ulitoka kwenye ukuta wa chumba cha juu. Baadaye Edler akabaini kwamba ni ubao mmoja wa mlango wenyewe wa mitrali. Kwa mtu mzima wa afya ubao ule hushuka kwa haraka. Kwa mwenye vali iliyobana hushuka polepole, kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu. Mwaka 1977 wawili hao walipewa tuzo ya Lasker.

Ila zingatia jambo moja: wagonjwa wao walipimwa wakiwa wamelala.

Fomula ya baba na mwana

Turudi nyuma kidogo, Boston, mwaka 1951. Daktari kijana Richard Gorlin alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Lewis Dexter, ambako mirija myembamba iitwayo katheta iliingizwa moyoni kupima presha moja kwa moja. Tatizo lilikuwa kwamba presha peke yake haikuambii tundu la vali lina ukubwa gani. Gorlin alikuwa na bahati ambayo si kila daktari anayo: baba yake alikuwa mhandisi aliyejua hesabu za maji. Wakaketi pamoja, baba na mwana, wakaandika fomula ya kukadiria eneo la vali kutokana na kiasi cha damu kinachopita na tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya mlango.

Ndani ya fomula ile mna siri ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Tofauti ya presha haiongezeki sambamba na damu. Inaongezeka kwa kipeo cha pili. Ukitaka damu mara mbili ipite kwenye tundu lile lile kwa muda ule ule, presha inapaswa kuwa mara nne. Ukitaka mara tatu, presha mara tisa. Sisi wa tarakilishi tunazijua kazi za namna hii. Zinaonekana nyepesi wakati data ni kidogo, halafu ghafla zinakuangukia.

Kwa vali ya mitrali kuna balaa la ziada. Damu hupita pale wakati moyo umelegea, kati ya pigo na pigo. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde nzima. Ukipiga mara 120, ni nusu sekunde, na sehemu inayofupishwa zaidi ni ile ya kulegea. Kwa hivyo mtu akikimbia, damu ni nyingi zaidi na mlango unafunguliwa kwa muda mfupi zaidi. Presha inarudi nyuma mapafuni, na mtu anahema kama aliyezama.

Gorlin na wenzake waliliona hilo mapema. Mwaka huo huo wa 1951 walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa mitrali waliofanyishwa mazoezi. Wazo la kupima vali chini ya mzigo, basi, ni la zamani kuliko eko yenyewe. Kilichokosekana ni njia ya kulifanya bila kumwingizia mtu mrija moyoni.

Kasi kwa kasi, mara nne

Njia hiyo ilitoka Norway. Msingi wake ulikuwa umewekwa zamani. Mwaka 1842, huko Prague, Christian Doppler alieleza kwamba mawimbi hubadilika kitu kinapokukaribia au kukuacha. Ndiyo sababu honi ya matatu hubadilika sauti ikikupita. Katika miaka ya 1950 Shigeo Satomura wa Osaka, Japani, aliutumia mfano huo kusikiliza mwendo wa moyo na damu.

Mwaka 1976 Jarle Holen na wenzake wa Oslo walionyesha kwamba kasi ya damu ikijulikana, presha yaweza kukokotolewa. Huko Trondheim daktari Liv Hatle, akishirikiana na mhandisi Bjørn Angelsen, akalifanya jambo hilo kuwa chombo cha kila siku. Kitabu chao cha mwaka 1982 kilisambaa dunia nzima. Fomula waliyoitumia yaweza kuandikwa kwenye kiganja: tofauti ya presha ni 4 mara kasi, mara kasi tena. Kasi ni mita kwa sekunde, jibu ni milimita za zebaki. Damu ikipita kwa mita 2 kwa sekunde, tofauti ni 16. Ikipita kwa mita 4, ni 64. Unaona tena kipeo cha pili?

Napenda sana jambo hili. Mhandisi wa maji, mwanafizikia wa nyota, daktari mwanamke wa Norway na fundi wa elektroniki, wote wanakutana kwenye mstari mmoja wa hesabu ambao mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuukokotoa. Kuanzia hapo daktari angeweza kupima presha ndani ya moyo kutoka nje ya ngozi.

Tarakilishi inaingia

Kumtembeza mgonjwa hakukuwa kugumu. Robert Bruce wa Seattle alikuwa ameshaweka utaratibu wa mashine ya kutembelea ambao ulichapishwa mwaka 1963 na bado unatumika: unaanza kwa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mteremko wa asilimia 10, na kila dakika tatu mwendo na mteremko huongezwa. Hilo ni jaribio la mzigo hasa, lenye ngazi zake.

Ugumu ulikuwa kupata picha. Mtu aliyetoka kukimbia anahema kwa nguvu, mapafu yamejaa hewa, na mawimbi ya eko hayapiti kwenye hewa. Isitoshe, unayo kama dakika moja au moja na nusu kabla moyo haujatulia. Kikundi cha Harvey Feigenbaum huko Indianapolis kilichapisha mwaka 1979 kazi ya eko ya picha kamili pamoja na mazoezi, lakini kanda za video zilikuwa mateso. Unarudisha kanda, unaipeleka mbele, unatafuta pigo moja ambalo mapafu hayajalificha, halafu unajaribu kukumbuka lilivyokuwa kabla ya mazoezi.

Dawa yake ikawa tarakilishi. Katika miaka ya 1980 walianza kugeuza video kuwa data. Mashine inanasa fremu chache za pigo moja zuri, inazihifadhi, kisha inazirudia kama kitanzi kisichokwisha. Pumzi mbaya zinatupwa. Skrini inagawanywa sehemu nne, moyo uliopumzika unawekwa kando ya moyo uliotoka kazini, na yote mawili yanapiga kwa pamoja. Kwa macho ya leo ni kazi ndogo. Kwa wakati ule ndiyo iliyoifanya eko ya mkazo iwe kipimo cha hospitali badala ya kuwa mchezo wa watafiti wachache. Wakati huo walikuwa wakitafuta mishipa ya moyo iliyoziba. Zamu ya vali ilikuwa njiani.

Mlango mgumu au mkono dhaifu?

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ya kufa na kupona. Chukua mzee ambaye vali yake ya aota imepimwa na eneo lake ni chini ya sentimita moja ya mraba. Kwa kipimo hicho peke yake vali imebana vibaya. Lakini tofauti ya presha ni ndogo, chini ya 40, kama ya vali isiyobana sana. Na misuli ya moyo wake imechoka. Nambari mbili, majibu mawili yanayopingana.

Fikiria mlango unaofunguka nusu tu. Huenda bawaba zimeshika kutu. Huenda pia mlango ni mzima ila anayeusukuma ni mtoto. Ukiutazama hivi hivi hutajua. Ukimkosea mzee wa kwanza unamwacha afe na ugonjwa unaotibika. Ukimkosea wa pili unampasua mtu dhaifu bure.

Suluhisho ni kubadilisha msukumaji. Miaka ya 1970 wanasayansi wa Eli Lilly, Ronald Tuttle na Jack Mills, waliunda dobutamini, dawa inayoutia moyo nguvu kwa muda mfupi. Inatiririshwa mshipani kwa kiwango kidogo, mikrogramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, ikipandishwa hadi 20, huku eko ikiangalia. Moyo ukipata nguvu na mlango ukafunguka zaidi, basi tatizo lilikuwa mkono. Moyo ukipata nguvu na mlango ukabaki pale pale huku presha ikipanda kuvuka 40, basi tatizo ni mlango. Mwaka 1995 Christopher deFilippi na wenzake walionyesha kwamba njia hii inaweza kuwatenganisha wagonjwa hao.

Kulikuwa na jibu la tatu: kuna mioyo ambayo hata kwa dawa haiongezi nguvu. Kwa kawaida husemwa kwamba moyo una akiba kama kila pigo linaongeza damu kwa asilimia 20 au zaidi. Mwaka 2003 Jean-Luc Monin na wenzake wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 136. Waliokuwa na akiba na wakapasuliwa, asilimia 5 walifariki kutokana na upasuaji. Wasiokuwa na akiba, asilimia 32. Tofauti hiyo haikuweza kuonekana kwenye kipimo cha mtu aliyelala akipumzika.

Siku hizi hata hao wasio na akiba hawaachwi hivi hivi. Skani ya CT huhesabu kalsiamu iliyoganda kwenye vali, na tangu Alain Cribier wa Rouen alipoweka vali kwa njia ya mshipa kwa mara ya kwanza Aprili 2002, kuna njia isiyohitaji kupasua kifua.

Uvujaji unaojificha

Mfano mwingine unatoka Liège, Ubelgiji. Luc Piérard na Patrizio Lancellotti walikuwa na wagonjwa ambao moyo wao ulikuwa umedhoofishwa na mshipa ulioziba. Vali yao ya mitrali ilivuja kidogo tu walipopimwa wakiwa wametulia. Lakini baadhi yao walikuwa wakiletwa hospitalini usiku wakizama kwa maji ya mapafu, na haikujulikana chanzo.

Waliwapandisha baiskeli ya kulalia, ambayo inakuruhusu kupima mtu akiwa bado anakanyaga pedali. Kwa wengine uvujaji ulibaki vile vile. Kwa wengine tundu la uvujaji lilipanuka sana. Mwaka 2003 waliripoti kwamba tundu likiongezeka kwa milimita 13 za mraba au zaidi wakati wa mazoezi, mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba waliopatwa na maji ya mapafu ndio hasa ambao vali zao zilivuja zaidi wakifanya kazi.

Tukio linalotokea tu mfumo ukiwa na mzigo, na ukienda kuangalia halipo. Ni nani kati yetu hajawahi kukesha akitafuta kosa la namna hiyo kwenye programu?

Na huku kwetu?

Usidhani haya ni ya wazee wa Ulaya peke yao. Huku kwetu vali huharibiwa zaidi na homa ya baridi yabisi. Mtoto anaumwa koo kwa vijidudu vya streptokoka, kinga ya mwili inachanganyikiwa na kushambulia vali zake mwenyewe, na miaka kadhaa baadaye mlango wa mitrali unabana au kuvuja. Utafiti uitwao REMEDY uliwaandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemeni. Umri wa katikati ulikuwa miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Hao si wazee. Ni watu wa kulima, kufundisha, kulea.

Na hapa swali la mzigo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mtu anayeugua polepole hajui kwamba anaugua. Shangazi yangu mmoja, ambaye vali yake iliharibiwa na homa hiyo utotoni, kila akiulizwa alijibu kwamba hajambo. Hakudanganya. Ni kwamba aliacha kuteka maji akawaachia wasichana, kisha akaacha kwenda sokoni kwa miguu kwa sababu ya kile kilima, kisha akaanza kukaa viti vya nyuma kanisani karibu na mlango. Aliyapunguza maisha yake yalingane na vali yake, kidogo kidogo, hata mwenyewe asijue. Mtu kama huyo ukimuuliza maswali utaandika kwamba hana dalili. Ukimpandisha kwenye mashine kwa dakika sita utaona ukweli. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2006 uliandika wazi kwamba kwa vali ya mitrali iliyobana, wastani wa tofauti ya presha ukivuka 15 kwenye mazoezi, au presha ya mshipa wa mapafu ikivuka 60, ni ishara ya kufikiria kuifungua.

Kuna pia mzigo ambao hauhitaji mashine, nao ni ujauzito. Moyo wa mama mjamzito husukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50, na hupiga kwa kasi zaidi. Kwa mwenye mitrali iliyobana, hiyo ni eko ya mkazo ya miezi tisa ambayo hakuiomba, isiyo na kitufe cha kusimamisha. Wanawake wengi hugundua ugonjwa wao hapo ndipo, mapafu yakiwa tayari yamejaa maji. Ndiyo maana madaktari hushauri kwamba mwanamke mwenye ugonjwa wa vali apimwe, pamoja na kupimwa kwa mazoezi, kabla ya kushika mimba. Dakika kumi kwenye mashine, daktari akiwa kando, ni afadhali kuliko kulijua jibu katika chumba cha kujifungulia.

Eko yenyewe imeshathibitisha thamani yake katika ukanda huu. Mwaka 2007 Eloi Marijon na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watoto wa shule huko Maputo, Msumbiji. Kwa kusikiliza tu kifua walipata takriban watoto 2 wenye ugonjwa kwa kila 1,000. Kwa eko walipata 30. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa Novemba 2021 ulifuatilia watoto 818 waliogunduliwa mapema kwa eko. Kwa waliodungwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8. Kwa wasiodungwa, asilimia 8.2.

Nambari na hali yake

Kwa hivyo nimejifunza nini? Kwamba nambari bila hali yake ni nusu ya nambari. Ripoti ikisema tofauti ya presha ni 6, bado hujui kitu mpaka uambiwe moyo ulikuwa ukipiga mara ngapi kwa dakika na mwenyewe alikuwa akifanya nini. Wenzangu mnaounda mifumo ya rekodi za hospitali, na najua mpo, tafadhali liwekeni hilo kwenye hifadhidata. Kisanduku cha presha kisikubali kujazwa peke yake. Kiwe na mapigo ya moyo kando yake, presha ya mkononi, na alama ya kuonyesha kama mtu alipumzika au alikuwa kazini, na ni kazi ya kiasi gani. Atakayeisoma ripoti miaka mitano baadaye atawashukuru.

Na kwa msomaji wa kawaida: usijaribu jambo hili mwenyewe kwa kukimbia ngazi. Mwenye vali ya aota iliyobana sana na ambaye tayari anazimia au kuumwa kifua hapaswi kufanyishwa mazoezi kabisa, na hata wengine hupimwa chini ya uangalizi, presha ikitazamwa kila dakika chache na kazi kusimamishwa mara inapoanza kushuka. Unachoweza kufanya ni kumweleza daktari wako ukweli wa maisha yako. Usimwambie tu kwamba hujambo. Mwambie ulichokuwa ukifanya mwaka jana ambacho mwaka huu umeacha.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa aina hiyo, aliyeanza kutafuta viti vya karibu na mlango, muulize leo. Hadi wakati mwingine, kaeni salama.